Lundo la Majivu Nyuma ya Jiko

Pétronille Niyonsaba alikuwa mtu wa kuongea na nyanya zake, na watu wa Mutarule walishamzoea. Aliyepita alfajiri na jembe begani kwenda kwenye mpunga alimsikia akiugombeza mche mmoja kwa kuinama na kuusifu mwingine kwa kuchanua, wala hakugeuza shingo. Zamani maneno hayo yalikuwa ya watu wawili. Pétronille alisema, na mumewe Jean-Berchmans akaitikia "mm" kutoka mstari wa tatu, bila kuinua kichwa. Sasa alisema peke yake. Pale ambapo "mm" ingeingia aliacha nafasi, halafu akaendelea.

Jean-Berchmans Habonimana alikufa mwezi wa nane mwaka uliopita, katika siku za vumbi, kwa homa iliyomchukua kwa siku nne tu. Hakuwa mtu mkubwa. Hakuwahi kuwa na cheo, hata kile cha kukusanya sadaka kanisani, ambacho mtu yeyote mwenye mikono miwili anaweza kukipata. Alijulikana kwa jambo moja, kutoka Mutarule mpaka soko la Mulongwe kule Uvira, nalo ni nyanya. Nyanya zake zilikuwa ndogo kuliko za wengine, zenye mabega mapana na ngozi ngumu, na mchuzi wa samaki wale wadogo, ndagala, uliohitaji tano za watu wengine ulitosheka na mbili zake. Mbegu aliirithi kwa mama yake. Wauza mbegu za pakiti walipomcheka, aliwauliza kama zao hufika Uvira zikiwa nyanya au zikiwa mchuzi tayari. Barabara ile inajua kupiga, na hao waliocheka waliijua vizuri.

Siri yake, kama ilikuwa siri, ni majivu. Kila Jumamosi asubuhi alichota majivu ya jikoni kwa kopo la maziwa ya unga, kopo ambalo alilitoboa kitako kwa msumari, akapita mstari kwa mstari akilitikisa kuzunguka mashina, kiganja kimoja mbali na shina, kisha akafungulia maji ya mfereji. Lundo lenyewe alilijengea kipaa kidogo cha nyasi nyuma ya jiko, kwa sababu, alisema, mvua hula utamu wa majivu na kumwachia mtu vumbi. Samadi ya ng'ombe aliitia tu ikiwa imelala mwaka mzima. Na mbolea nyeupe ya dukani, ile ya chembechembe, alikuwa anaipima kwa kizibo cha chupa ya bia: kizibo kimoja kwa mche, mara mbili kwa msimu, basi. Pétronille alimtania kwamba ana mkono mfupi. "Mutoto ukimupa sukari tu atanenepa," alikuwa akijibu. "Sasa mutume kuchota maji, uone."

Kisha akafa, na kopo likapotea siku hizo hizo za msiba. Pétronille alilitafuta mpaka akachoka. Moyoni alishuku watu wasiopungua watano, na mmoja wao Pétronille alikwepa kumpa mkono wa amani kanisani kwa miezi mitatu mfululizo, naye mtu huyo hajui kosa lake.

Sasa hapa inabidi nieleze jambo la ukoo wa Habonimana, maana bila hilo habari hii haiendi mbele. Mtu anapokufa huwashwa moto uani, na waombolezaji hukaa kuuzunguka kwa wiki nzima. Majivu ya moto huo wa kilio, kwa ukoo ule, hayatawanywi. Hukusanywa mahali pamoja, yakingoja siku ya kuganduka, siku ambayo ndugu hurudi, pombe ya mtama ikanyweka, neno likasemwa, na mjane akaachiliwa arudi kati ya watu. Kwa majirani mambo haya yalishasahaulika. Lakini Dieudonné, mdogo wake marehemu na mkubwa wa ukoo tangu siku ile, alikuwa ameyashika kwa mikono miwili. Ndiye aliyechukua sepetu akayarundika majivu ya kilio nyuma ya jiko, chini ya kile kipaa cha nyasi, juu ya majivu ambayo kaka yake alikuwa ameyaacha.

"Hapa pasiguswe, mulamu," alimwambia Pétronille, kwani ndivyo shemeji wanavyoitana kule. "Mpaka siku tutaganduka."

Pétronille hakugusa. Zaidi ya hapo, kila asubuhi alizoa majivu ya jiko lake mwenyewe akaenda kuyaweka pale pale. Hakuna aliyemwagiza. Lundo likapanda likamfika magotini, likamfika kiunoni. Jioni alikaa kwenye kigoda karibu nalo akichambua maharage, na kama kuna mtu angemuuliza kwa nini asikae mbele ya nyumba penye upepo, angesema huku kuna kivuli. Kivuli cha jioni kiko kila mahali. Alikaa pale kwa sababu chini ya lile lundo kulikuwa na majivu ambayo Jean-Berchmans aliyamwaga kwa mkono wake Jumamosi yake ya mwisho, na hapakuwa na kitu kingine katika boma lile ambacho kilikuwa bado kama alivyokiacha.

Siku ya kuganduka Dieudonné aliipanga mara mbili. Mara ya kwanza, mwezi wa pili, Pétronille alisema mtama wa pombe hautoshi. Mara ya pili, baada ya Pasaka, alisema tumngoje binti yake Keza, aliyeolewa kule Lemera, ajifungue kwanza apate nguvu ya kushuka mlima. Keza alijifungua, akapata nguvu, akashuka mlima na mtoto mgongoni, akapanda tena. Siku haikupangwa. Msiba mzito, watu walisema, na wakamwacha.

Mwezi wa tano ulipofika, Pétronille alishusha chupa ya mbegu kutoka juu ya meko. Mumewe alizihifadhi humo zikiwa zimechanganywa na majivu, na kila mwaka alisia nusu akarudisha nusu. Mbegu haisiwi yote, alizoea kusema, hata mwaka wa furaha. Pétronille alizisia zote. Alitaka shamba lijae. Alitaka siku watu watakapokuja kuganduka, kila mmoja aondoke na nyanya za Jean-Berchmans mkononi, wasiseme shamba limegeuka shamba la mjane. Alijua anachofanya na alikifanya hivyo hivyo, kwa haraka, akitupa mbegu ya mwisho kitaluni kabla hajajishauri vingine.

Majivu hakuyagusa, lakini nyanya lazima ipate chakula. Akanunua mbolea nyeupe. Kizibo alikiona, kilikuwa kwenye dirisha la jiko palepale, lakini akatazama miche ile, jinsi ilivyokuwa mingi, jinsi ilivyokuwa yatima, akachota konzi. Konzi moja kwa mche. Wiki mbili baadaye konzi nyingine.

Lo, shamba likapendeza! Majani yalikuwa mapana, ya kijani cha kukaribia weusi, yanang'aa. Wapita njia walisimama. Hata wale wa mpunga, ambao hawasimami kwa jambo lolote, walisimama. "Mama Keza," walisema, "mzee amerudi shambani." Maneno hayo yalimwingia mpaka mifupani. Alirudi mistarini akasema na miche kwa sauti ya furaha, akaacha nafasi zake, na siku moja au mbili alikaribia kuapa kwamba amejibiwa.

Alipokwenda Mulongwe kutafuta ndagala, Vanessa, aliyeuza nyanya za Jean-Berchmans sokoni miaka kumi na zaidi, alimkamata mkono.

"Mama Keza, nyanya ya mzee iko wapi? Batu banauliza kila siku. Minye nimechoka kubadanganya."

"Zinakuya," Pétronille alisema. "Mwezi wa nane zitakuwa hapa."

"Zile zile?"

"Zile zile."

Katika wiki ya kwanza ya mwezi wa saba, jua likiwa kali na vumbi la barabara limelala juu ya kila kitu, Pétronille aliona vidoa kwenye majani ya mstari wa karibu na njia. Vidoa vidogo vya njano, kana kwamba mtu amelichoma jani kwa ncha ya sindano mara mia. Kwake njano ilikuwa njaa. Mtoto akipauka anapewa uji, na nyanya ikipauka inapewa mbolea. Akaongeza konzi. Njano ikahamia mstari wa pili. Akaongeza tena. Aliona pia vumbi jekundu chini ya majani, na nyuzi nyembamba kwenye vikonyo, akadhani ni buibui tu. Mtu mmoja akamuuzia dawa ya viwavi, akapulizia shamba zima. Vile vidudu vidogo vyeusi vya mgongo wa mviringo alivyozoea kuviona vikitembea kwenye majani vilikufa vyote. Njano ikaenda mbio zaidi.

Hakumwambia mtu. Waliokuwa wakisifu walipopita aliwasalimu kutoka mbali, akasimama upande wa majani mabovu ili gauni lake liyafiche. Mficha maradhi kilio humfichua, nasi sote tunaujua msemo huu mpaka siku unapotuhusu. Majani yakawa ya rangi ya shaba, yakajikunja, yakakauka kutoka chini kwenda juu. Matunda yalikuwa bado mabichi, makubwa kidogo tu kuliko punje za maharage. Na kule juu ya meko chupa ilikuwa tupu. Alipofikia hapo katika hesabu zake, alikaa chini katikati ya mstari wa tatu, akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu siku ya mazishi.

Aliyemkuta hapo ni Toussaint, monita wa kilimo, yaani bwana shamba, kijana wa miaka thelathini na kitu kutoka milima ya Lemera, aliyekuwa akizunguka uwandani kwa pikipiki kutazama mihogo. Alikuwa mtu wa adabu. Hakumuuliza mama mzima analilia nini. Alichuma jani, akafungua daftari lake kwenye ukurasa mweupe, akaligonga jani juu yake mara tatu, akalisogeza daftari mbele ya macho ya Pétronille.

Vumbi lilikuwa linatembea. Punje nyekundu, ndogo kuliko unga wa pilipili, zilikuwa zikienda huku na huku juu ya mistari ya daftari.

"Hii iko utitiri, Mama Keza," Toussaint alisema. "Inakaa chini ya jani, inakunywa maji yake. Ulitia mbolea gani?"

"Ile ya bweupe."

"Kipimo gani?"

Pétronille alikunja ngumi akamwonyesha. Toussaint aliitazama ile ngumi.

"Mara ngapi?"

"Mara mbili. Kiisha nikaona inageuka njano, nikafikiri iko njaa. Nikaongeza. Nikaongeza tena."

"Ile njano haikuwa njaa, mama. Ilikuwa badudu banakunywa. Na weye ukabaongezea pombe."

Hakulisema kwa ubaya, lakini liliuma. Alichuchumaa akamweleza, akilibinya jani kati ya vidole. Mbolea nyeupe peke yake, ikizidi, inafanya jani linakuwa laini, limejaa maji na utamu, na mdudu akilichoma mdomo unaingia bila kazi, anashiba, anazaa, wanawe wanazaa kabla ya wiki mbili kwisha. Jani linalotakiwa ni gumu, lenye ngozi. Hilo haliletwi na ile nyeupe. Linaletwa na potasi, na samadi ya zamani inasaidia.

"Potasi iko mu duka?"

"Natoka duka ya Sange leo asubuhi. Imebakia ya bweupe tu." Alisimama akajipangusa magoti. "Lakini majivu iko na potasi. Majivu ya kuni, ile haikunyeshewa. Haiue utitiri, nisikudanganye. Inasaidia nyanya kujenga mwili, ile majani mapya ikuye na nguvu. Tungekuwa na majivu mingi, na tuikate hii majani yote imeharibika tuichome, na maji isikosekane, tungeokoa sehemu. Lakini ni sasa. Wiki mbili zikipita, hapana."

Aligeuka kwenda kwenye pikipiki, na alipogeuka akaliona. Nyuma ya jiko, chini ya kipaa cha nyasi, kijivu, kavu, kimo cha kiuno.

"Mama Keza! Na ile mulima?"

"Ile hapana," Pétronille alisema.

"Iko potasi ya shamba nzima!"

"Ile iko ya kilio."

Toussaint alivua kofia. Kwao Lemera hawana mwiko huo, lakini ana mama, ana babu, anajua neno likisemwa namna ile halijadiliwi. Akasema basi, yeye hajui zaidi, akaondoka.

Pétronille alibaki na lundo lake. Mchana ule hakupika. Alikaa kwenye kigoda akatazama kushoto, ambako majivu ya mume wake yalikuwa yamelala salama, kisha kulia, ambako nyanya za mume wake zilikuwa zinakufa, na akaona waziwazi, kwa hasira, kwamba hawezi kuwa na vyote viwili. Ukweli ambao hakutaka kuusema hata moyoni ulisimama mbele yake. Mtama haukuwahi kupungua. Keza alishapata nguvu zamani. Ni yeye. Siku ya kuganduka ikipita watu watamwita mjane aliyeganduka, atavaa kitambaa cha rangi, atacheka harusini, na Jean-Berchmans atakuwa mtu wa zamani. Alimtamani mumewe kwa namna ambayo mwaka haukuipunguza hata kidogo. Alitamani harufu yake ya moshi na majani ya nyanya, alitamani ule ubahili wake wa kizibo, alitamani "mm." Na kwa tamaa hiyo alikuwa ameyazuia majivu, akaweka sukari mahali pake, akawa anaiua mbegu ya mtu huyo huyo anayemlilia.

Akajifunga kitenge akaenda kwa Dieudonné.

Dieudonné alikuwa uani anakaza mpini wa jembe. Alimpa kiti, akamuuliza habari za wajukuu, na Pétronille akazijibu zote, maana huwezi kuruka habari za wajukuu. Kisha akasema:

"Mulamu, nataka tuganduke. Jumamosi hii."

Mpini ulisimama. "Jumamosi? Pombe haijawekwa hata! Tuganduke na maji? Batu watasema tumemutupa mukubwa wangu."

"Nyanya yake inakufa. Mbegu yote iko mu udongo, nilisia yote, mu chupa hakuna kitu. Inatakiwa majivu, na majivu iko pale." Akaongeza: "Na iko neno lingine. Mwezi wa pili, mutama ulikuwa unatosha. Nilikudanganya."

"Nilijua," Dieudonné alisema.

"Ulijua?"

"Niliona gunia nyuma ya mulango. Mbili, zimejaa."

"Na hukusema?"

Dieudonné aliurudia mpini wake, akaugeuza, akautazama upande usio na tatizo lolote. Alikuwa na uso wa kaka yake, ila wenye ndevu, na Pétronille kwa kawaida aliepuka kuutazama sana.

"Minye pia sikutaka, mulamu," alisema mwishowe. "Tukiganduka, inakuwa minye ndiye mukubwa. Kweli kweli. Sijui kama niko tayari."

Walikuwa watu wazima wawili waliokuwa wamedanganyana mwaka mzima kwa jambo moja, na hakuna aliyemcheka mwenzake. Baadaye Dieudonné akasema mke wake ana kibuyu kimoja cha pombe ya mtama aliyoipika kwa ajili ya ubatizo wa watu wengine. Kibuyu kimoja si pombe ya kuganduka. Lakini kaka yake alikuwa mtu wa kizibo.

Jumamosi asubuhi walikuwa watu tisa. Keza alishuka kutoka Lemera na mtoto. Walisali, wakapitisha kibuyu, kila mmoja akapata mafunda mawili, na Dieudonné akasema neno la ukoo. Alimwambia marehemu kwamba wamemlilia vya kutosha, si kwa sababu machozi yamekwisha bali kwa sababu kazi imefika. Akamvua Pétronille kitambaa cheusi cha kichwani. Kisha akachukua sepetu, akachota majivu ya juu, akamwaga kwenye beseni, na kila mtu akachukua beseni lake.

Toussaint naye alikuja, akasimama pembeni mpaka sala zikaisha, kisha akafanya kazi kama mtu wa nyumba. Majani mabovu yalikatwa yakachomwa. Mistari miwili ya karibu na barabara, iliyokuwa imekufa, waliing'oa. Aliwaonyesha jinsi ya kuosha majani kwa chini kwa maji, akawaambia dawa ya viwavi waiache kwa kuwa inaua vidudu vyeusi vinavyokula utitiri, na akawakataza kabisa kutia ile nyeupe wakati mmoja na majivu, maana mbili hizo zikikutana ile nyeupe inapotea hewani, anabakia mtu na harufu. Pétronille alikuwa nyuma ya jiko akichota, na lundo lilipobaki kimo cha goti, sepetu ikagonga bati.

Ni kopo. Lilikuwa limelala ubavu chini ya majivu ya kilio, mahali ambapo mwenye nalo aliliweka Jumamosi yake ya mwisho, nusu limejaa, na matundu ya msumari yakiwa wazi. Hakuna mwizi. Alilikalia karibu mwaka mzima akiwachukia watu watano. Pétronille alipiga magoti, akalikumbatia kifuani, akacheka na kulia kwa pamoja mpaka Keza akaja mbio kutazama kuna nini. Jumapili iliyofuata alivuka kanisa zima kwenda kumpa mkono wa amani yule mtu mmoja, akaushika mkono wake muda mrefu mno, na maskini yule hakuelewa la sasa kama asivyoelewa la kwanza.

Katika mistari tisa ya shamba ilipona minne tu. Hiyo minne Pétronille aliitembea kila Jumamosi na kopo, kiganja kimoja mbali na shina, kisha maji. Utitiri haukuisha. Ulipungua, ukabaki kwenye majani ya zamani, na majani mapya yaliyotoka baada ya wiki tatu yalikuwa madogo, makavu mkononi, ya kijani cha kawaida kabisa. Hakuna mpita njia aliyesimama kuyasifu. Pétronille alipoyashika kati ya vidole aliyatambua. Ndiyo majani ya nyanya aliyoishi nayo miaka ishirini na sita, na alikuwa ameyasahau kwa kudanganywa na urembo wa konzi.

Nyanya ya kwanza iliiva mwishoni mwa mwezi wa nane. Ilikuwa ndogo, ina mabega. Tangu waoane, nyanya ya kwanza ya kila msimu waliila wawili, wamekaa kwenye ukingo wa mfereji, imekatwa katikati kwa kisu cha Jean-Berchmans, na chumvi kwenye kipande cha karatasi. Pétronille alikaa ukingoni, akakata, akainyunyizia chumvi nusu yake, akaila taratibu. Ilikuwa yenyewe. Ladha ilimjaa kinywani na machozi yakamjaa machoni, akayaacha yatoke.

Nusu ya pili aliishika kwa muda mrefu, haina chumvi. Mikono yake ilitaka kumpa mtu. Hatimaye alimimina majivu kidogo kutoka kwenye kopo mpaka kiganjani, akaibinya ile nusu juu yake, na mbegu zikateleza moja moja zikajiviringisha kwenye majivu, zikawa kijivu.

"Mwaka ujao sisii yote," alimwambia Jean-Berchmans. "Nusu itarudi mu chupa."

Aliacha nafasi kama kawaida yake. Maji ya mfereji yalipita. Safari hii hakuiacha nafasi ibaki tupu.

"Mm," Pétronille akaitikia mwenyewe, akafumba kiganja, akainuka kwenda kutafuta chupa.